Hivi hizi CSR (misaada kwa jamii) za kampuni zetu, kuna mtu huwa anamuuliza mwalimu mkuu anahitaji nini?

Mzee wa Kaunta

Wakuu salaam.

Nipo sekta binafsi hapa Dar miaka ya kutosha, nilianzia kaunta sasa hivi nipo ofisi ya nyuma, na zile fulana za "tunarudisha kwa jamii" nimevaa mpaka zingine nafutia gari. Sitaji kampuni na msiniulize, ugali wa watoto huo. Ila nadhani wengi humu mtajiona.

Inavyokuwaga ni hivi. Jumatano inaingia imeli kutoka kwa watu wa mawasiliano, Jumamosi tunakwenda shule ya msingi fulani huko pembezoni kupaka rangi na kukabidhi madawati, kujitolea ni hiari LAKINI mahudhurio yatachukuliwa. Hiari yenye rejista hiyo. Saa moja kosta ipo Posta, mnafika shule saa mbili unusu, watoto wamepangwa mstari juani tangu asubuhi, mgeni rasmi ambaye ni DC ana kikao sehemu nyingine anakuja saa tano. Risala ya shule inasomwa, ndani ya risala kuna changamoto kumi na mbili, madawati ni ya tisa. Mfano wa hundi unashikwa na watu sita. Mnapaka ule ukuta unaotazama barabara, mnapiga picha, mnakula wali kuku, mnaondoka. Jumatatu picha ipo kwenye status za mabosi wote.

Sasa msinielewe vibaya, sisemi kampuni zisitoe. Mwaka 2016 elimu bila ada ilipoanza watoto wakamiminika darasa la kwanza, watoto wakawa wanakaa chini kweli kweli, ile kampeni ya madawati ya mwaka ule ilikuwa na maana na kampuni zilijitokeza, sifa zao wapewe. Shida ni kwamba ni kama tumegandia pale pale. Kuna shule ukienda leo madawati yapo yamerundikwa nyuma ya ofisi yananyeshewa kwa sababu vyumba vya kuyaweka havipo, na bado kuna mtu anapakia mengine kwenye fuso.

Kwa nini dawati? Kwa sababu linahesabika, linabandikwa logo, linabebeka, na picha yake inaeleweka hata bila maelezo. Choo je? Mwongozo wa serikali ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, nendeni shule yoyote ya Mbagala au Chanika mkagawanye wenyewe idadi ya watoto kwa idadi ya matundu halafu mrudi hapa. Lakini mkurugenzi gani anataka kukata utepe chooni na kamera zipo? Huyo sijamuona.

Na kuna maboma. Huko vijijini wananchi wanachangishana, wanafyatua tofali, wanapandisha ukuta mpaka kwenye lenta, halafu pesa inaishia hapo. Boma linasimama linaota majani miaka. Mtu akija na mbao, mabati ya geji 28 na misumari na hela ya fundi, darasa linaisha. Nguvu kubwa ya wananchi ishatumika tayari wewe unamalizia tu. Ila kampuni haipendi kumalizia, inapenda kuanza chake ili kibao kiandikwe jina moja.

Halafu sisi wafanyakazi wenyewe. Nyie fikirieni, unachukua mhasibu mwenye CPA, mtu wa IT, mwanasheria na injinia unawapa brashi za rangi. Rangi ambayo kijana wa pale mtaani angeipaka vizuri zaidi na angepata hela ya kula. Wakati pale pale shuleni mwalimu mkuu anapokea ruzuku ya serikali, ana kamati ya shule, ana ujenzi wa force account (shule inanunua vifaa na kutafuta fundi yenyewe) unaotaka kamati ya manunuzi, ya mapokezi na ya ujenzi, ana vitabu vya hesabu ambavyo mkaguzi akija vinamtoa jasho, na hakuna aliyewahi kukaa nae kumuonyesha. Mhasibu wetu angekaa nae siku mbili tatu katikati ya wiki, muda wa kazi, kampuni ikalipa mshahara kama kawaida, hapo ndio kujitolea kwenye maana. Jumamosi ni ya kwangu, kuna kufua, kuna misiba, kuna kikoba.

Hoja yangu ni moja tu: uliza kwanza, halafu toa muda wa kazini sio muda wa mapumziko ya mfanyakazi. Mengine yote ni matangazo ya biashara yaliyovaa kofia ya sadaka.

Karibuni mnyooshe.

Siti ya Dirishani

Namba moja hapa. "Hiari yenye rejista" nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta 😂😂 kwetu anayekosa anaulizwa kwenye tathmini ya mwaka, kuna kipengele kabisa kinaitwa ushiriki kwenye jamii.

Chaki Nyeupe

Mleta uzi umesema lakini hujamaliza, ngoja sisi tunaopokea tuseme.

Mimi ni mwalimu, shule ipo mkoa wa Pwani, inatosha hapo. Simu inapigwa kutoka wilayani kwenda kwa afisa elimu kata, kutoka kwa afisa elimu kata kuja kwa mkuu wa shule: wadau wanakuja keshokutwa, andaeni ngoma, andaeni risala, wazazi wawepo wa kutosha, mazingira yawe safi. Hiyo siku vipindi hakuna. Siku ya kabla yake pia nusu hakuna kwa sababu watoto wanafagia na kufanya mazoezi ya shairi. Tunatafuta viti vya wageni, maji ya chupa ya meza kuu mara nyingine yananunuliwa na walimu wenyewe kwa kuchangishana maana ruzuku haina fungu la maji ya mgeni rasmi.

Vitu vikija vinaingizwa kwenye leja, vikishaingia ni mali ya serikali, hata kama ni kompyuta kumi zilizochoka ambazo kampuni imezitoa baada ya kununua mpya na shule haina umeme. Huwezi kuzitupa. Huwezi kuziuza. Zinakaa stoo zinachukua nafasi ya mahindi ya uji na kila mwaka unazihesabu. Nikikwambia kuna mashine pale hata kuwaka hazijawahi kuwaka usishangae.

Mnajua kitu tunachokitaka kuliko vyote? Karatasi. Rimu za karatasi na wino wa kudurufu. Mitihani ya kujipima ya darasa la nne na la saba, inatakiwa kuchapwa, mzazi ukimwambia achangie mia mbili unaambiwa elimu ni bure mbona mnachangisha. Rimu haina mvuto kwenye kamera najua, lakini boksi ishirini za rimu zinatubeba mwaka mzima.

Dada wa Mawasiliano

Haya na mimi niliyekaa upande ule mnaoutukana nije nijitetee, maana naona nimekuwa adui wa taifa.

Kwanza kabisa hiyo bajeti mnayoiona inatoka kwa bodi, na bodi inauliza mwaka jana mlifanya nini. Nisipokuwa na picha sina jibu, nisipokuwa na jibu mwaka unaofuata fungu linakatwa na hata hayo madawati hamuyaoni. Hilo la picha sio ushamba wa mtu mmoja.

Pili, mnasema tuulize. Tunauliza! Meza yangu imejaa barua za maombi na nyingi zimepita kwa mtendaji, kwa afisa elimu, zina mihuri mpaka pa kusoma hakuna. Zote zinaandika nini? Madawati. Kwa sababu shule zishajifunza kampuni zinatoa nini. Mkuu wa shule anajua akiandika vyoo hajibiwi, akiandika madawati anajibiwa, sasa wewe ungeandika nini? Kwa hiyo kuuliza kwa barua hakutoshi, mpaka uende ukakae nae bila DC na bila kamera ndio anakwambia ukweli. Na mimi safari ya namna hiyo nikiomba gari naambiwa hakuna "aktiviti" siku hiyo.

Na tatu, wale wanaolalamikia Jumamosi, meneja wenu ndio anakataa kuwatoa siku ya kazi kwa sababu ya foleni ya wateja, sio mimi. Mimi siku zote naomba Alhamisi.

Mzee wa Kaunta

Dada hapo kwenye barua umenifungua macho, hilo la shule kuandika kile kinachojibika sikulifikiria. Ila fulana bado ni zenu 😅

Mkokotozi

Watu wengi wanadhani kampuni ikitoa msaada inasamehewa kodi yote, nimeona hata kwenye vijiwe, si kweli, wacha niweke hesabu.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 kifungu cha 16 inaruhusu mchango kwa taasisi ya hisani au mradi wa maendeleo ya jamii kutolewa kwenye mapato kabla ya kupiga kodi, ila usizidi 2% ya mapato ya biashara. Mchango unaopita Mfuko wa Elimu, ule ulio chini ya TEA (Mamlaka ya Elimu Tanzania), hauna hiyo dari. Kodi ya kampuni ni 30%, kwa hiyo ukitoa milioni 10 inayokubalika kodi yako inapungua milioni 3, hizo 7 zimetoka kwako kweli. Sio bure kama watu wanavyosema.

Sasa kitamu kiko hapa. Gharama za matangazo ni gharama za biashara, zenyewe hazina dari ya 2%. Kwa hiyo fulana, tenti, MC, bango, video, vyote hivyo vinakaa vizuri kabisa kwenye fungu la masoko. Ndio maana utaona tukio linanenepa kuliko msaada wenyewe, hela ya msaada ina ukuta na hela ya kelele haina. Na mshahara wako wa siku uliyokwenda kujitolea tayari ni gharama ya biashara, kampuni haipotezi chochote kikodi ikikutoa Alhamisi. Mwambieni meneja hivyo.

Kuna benki kubwa mbili hapa zinatangaza kabisa zinatenga 1% ya faida baada ya kodi, NMB na CRDB. Hapo napenda kwa sababu namba ipo wazi, ripoti ya mwaka ikitoka unachukua faida unapiga mwenyewe unajua walitakiwa watoe ngapi. Kampuni inayosema tu "tunajali" huna pa kuishikia.

Ngosha wa Nyankumbu

Nyie wa Dar mnabembeleza, huku kwetu ni sheria. Baada ya yale marekebisho ya 2017 Sheria ya Madini kifungu cha 105 inamtaka mwenye leseni kila mwaka aandae mpango wa CSR na akubaliane na halmashauri. Sio yeye aamue kuleta mipira. Geita mgodi wa dhahabu wa GGML unatoa zaidi ya bilioni 9 kwa mwaka kwa utaratibu huo, ukija mjini utaona masoko, madarasa, zahanati, taa za barabarani. Na 2023 zikatoka kanuni za kunyoosha zaidi.

Lakini msidhani sheria inamaliza maneno. Ikishakuwa lazima vita inahamia kwingine, nani anachagua mradi, diwani anataka kata yake, baraza linavutana, kijiji kilicho jirani kabisa na vumbi la mgodi kinaona hela inajenga kitu mjini. Halafu bei, mfuko wa saruji kwenye makaratasi na mfuko wa saruji dukani kwa Mangi ni vitu viwili tofauti, hilo lipo kila mahali penye miradi. Dawa tuliyoiona ni mkutano mkuu wa kijiji, muhtasari ubandikwe ukutani na bei zake. Wazee wakikaa chini ya mti na karatasi ya bei hapo utapenda.

Pia kile cha mgodi huo huo cha kupanda Kilimanjaro kuchangia mapambano ya Ukimwi, Kili Challenge, kipo tangu 2002 na wafanyakazi wenyewe wanapanda. Kitu kimoja, miaka yote, hawajahamahama. Hapo nawapa heko.

Mchokonozi

Mimi swali langu dogo. Mlinzi wa getini hapo ofisini kwenu na yule dada anayepiga deki, wameajiriwa na kampuni yenu au wapo kupitia wakala? Wanalipwa ngapi? Mtoto wa huyo mlinzi huenda ndio anasoma kwenye hiyo shule mnayokwenda kupaka rangi. Nimeshaona tukio la kukabidhi mabegi ya shule na anayeyapanga jukwaani ni mtu wa usafi ambaye hana mkataba. Anzieni getini.

Siti ya Dirishani

Mchokonozi umeua. Hakuna wa kujibu hapo.

Jirani254

Niaje majirani. Huku Kenya story ni hiyo hiyo, kupanda miti na kupiga picha, mti unakauka wiki ijayo hakuna mtu wa kuunyweshea. Lakini kuna kitu kimoja wacha niwaambie, ile Wings to Fly ya benki ya Equity na Mastercard Foundation, ilianza 2010. Mtoto amefanya vizuri darasani lakini kwao hakuna kitu, analipiwa sekondari yote. Watu wa branch pamoja na viongozi wa mtaa ndio wanakaa kwa ile kamati ya kuchagua, wanaenda mpaka nyumbani kuona kama ni kweli hali ni mbaya. Mtu wa benki kazi yake ya kila siku si ni kukagua kama mtu anasema ukweli kabla ya kumpa loan? Basi anafanya kazi ile ile anaijua, sio kupewa jembe. Hiyo ndio naona mleta uzi anasema.

Nesi wa Zamu

Naomba niongelee damu maana hili ndio kampuni nyingi hufanya na ni zuri sana, ila mnatuletea zote siku moja.

Tarehe 14 Juni ni siku ya wachangia damu duniani, wiki ile kila ofisi inataka gari la damu salama liende kwao. Tunashukuru. Lakini chembe nyekundu zinakaa kwenye friji siku 35 mpaka 42 kutegemea na mfuko, baada ya hapo ni kumwaga. Na wachangiaji wetu wakubwa ni wanafunzi wa sekondari, shule zikifungwa Desemba wanaondoka, na Desemba ndio safari, ndio ajali, ndio akina mama wanajifungua kama kawaida. Hapo benki ya damu inabaki na mifuko ya kuhesabu kwa vidole na ndugu wanaanza kupigiana simu usiku.

Mwanaume anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke miezi minne, uwe na kilo 50 kwenda juu na umri 18 mpaka 65. Kampuni yenye watu mia tatu ikijigawa makundi, hawa Machi, hawa Juni, hawa Septemba, hawa wiki ya kabla ya Krismasi, mnatusaidia kuliko tukio kubwa lenye muziki. Na mkija msinywe soda tu mkaondoka, subirini dakika kumi na tano, mwaka jana kijana wa watu alidondoka kwenye ngazi na fulana yake mpya.

Wakili wa Kijiweni

Kuhusu picha. Ramadhani inapofika kampuni zinafuturisha, jambo jema, watoto wa vituo vya yatima wanaletwa hotelini, halafu kesho sura zao zipo mtandaoni na maandishi "tumefuturisha yatima". Mtoto yule ana wenzake shuleni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika Mei 2023 na taarifa za watoto zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti. Mlezi wa kituo akitikisa kichwa pale kwenye meza ya wali hiyo sio ridhaa. Piga picha ya sahani kama lazima upige.

Dada wa Mawasiliano

@Wakili hili nimelichukua, nalipeleka ofisini kesho. Tena linanisaidia, nilikuwa natafuta sababu ya kuwakatalia wanaotaka watoto mbele.

Mzee wa Kaunta

Wakuu mmenyoosha kweli kweli. Nijibu mbili tatu.

Mchokonozi, wapo kupitia wakala, na hapana sijui wanalipwa ngapi, nitamuuliza yule mlinzi maana tunaongeaga mpira tu.

Mkokotozi, hiyo ya fungu la masoko nitaitumia, kuna kikao cha idara na bosi anapenda namba kuliko maneno.

Sasa Oktoba inakuja, wiki ya huduma kwa wateja, lazima tutapelekwa mahali. Nataka nipeleke pendekezo kabla imeli ya Jumatano haijatoka. Chaki Nyeupe, tuseme shule yako, mbali na rimu, tungekuja na wahasibu wawili na mtu wa IT kwa siku tatu Jumanne mpaka Alhamisi, na hela ambayo ingekwenda kwenye tenti na MC, mngeifanyia nini? Mtu wa IT aangalie zile kompyuta za stoo, kama zipo za kuokoa aokoe, kama hazipo aandike barua ya kitaalamu mzifute kwenye leja.

Chaki Nyeupe

Hiyo barua tu peke yake ningekuchinjia jogoo, kufuta mali ya serikali kuna utaratibu wake mrefu lakini bila mtaalamu kuandika kwamba ni mbovu hauanzi.

Wahasibu waje, ila sio wiki ya kwanza ya Oktoba, tuna maandalizi ya upimaji wa darasa la nne, waje kabla au Novemba. Na waje wakae na mwenyekiti wa kamati ya shule pia, sio mkuu peke yake, maana mkuu akihamishwa ujuzi unaondoka nae.

Hela ya tenti: wananchi walishachimba shimo na kupandisha kuta za choo cha wasichana, matundu sita, hakijaezekwa na hakina milango. Mbao, bati, milango sita ya mbao na bomba la kunawia. Fundi yupo hapa hapa kijijini. Mafundi wa Dar msilete.

Mzee wa Kaunta

Milango sita. Na kibao cha jina la kampuni mtaweka wapi, bosi ataniuliza hilo la kwanza.

Chaki Nyeupe

Mwambie kwenye mlango wa kila tundu kwa ndani, kinasomeka vizuri mtu akiwa ametulia 😂 Kwa kweli kikae kwenye ukuta wa bomba la kunawia. Nitumie PM nikupe namba ya afisa elimu kata, upitie kwake kwanza asije akasikia pembeni, halafu vipimo vya milango nakupa Jumatatu fundi akishapima.